Kawa ya Tatu

Kiswahili hakituambii kama kifo ni mume au ni mke. Mwarabu akitamka dunia, lugha yake imekwisha kuamua kwamba hiyo ni ya kike. Akitamka mauti, imeamua kwamba ni ya kiume. Kifo cha Mfaransa ni cha kike, cha Mjerumani ni cha kiume. Sisi "yeye" wetu ni mmoja, na kifo chenyewe tumekiweka ngeli moja na kisu, kikombe na kiti. Msimulizi wa pwani anayetaka kukivika kifo kanga na kukikalisha juu ya kibao cha mbuzi kikune nazi, hapati msaada wowote kwa mume na mke wa sarufi. Lazima aifanye kazi hiyo kwa mkono, neno kwa neno, huku watoto wanamtazama mdomoni.

Bibi yangu mzaa mama aliifanya kwa ustadi ambao mpaka leo najaribu kuuelewa. Alikuwa mpishi wa shughuli hapa Mji Mkongwe. Aliitwa penye harusi, penye maulidi na penye hitima, na mikono yake ilinukia bizari nyembamba wiki nzima. Jioni ambazo hakuwa na kazi alitupeleka Forodhani, mimi na wana wa khalati zangu. Tulikaa juu ya ukuta wa bahari, yeye katikati, ameipa bahari mgongo. Kila anayekuja Forodhani hutazama baharini, jua linapozama na mashua zinaporudi. Yeye alitazama mjini, iliposimama Beit al-Ajaib, kwa sababu hadithi yake ilikuwa ikifanyika mle ndani.

Hadithi yenyewe ni ya Sultani Darai, na ni ya zamani. Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliikusanya pamoja na nyingine kutoka vinywani mwa watu wa hapa, akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kufikia 1901 baadhi yake zilikuwa zimeshachapwa hata Chicago, katika kitabu cha George Bateman. Bibi hakuipata huko. Aliipokea kwa bibi yake, katika giza la ukumbini, na nilipokuja kuisoma kwa Steere nikiwa mtu mzima nilijikuta natafuta kila ukurasa sauti ambayo karatasi haina.

Maskini mmoja, Hamdani, anachakura jaani akitafuta punje za mtama ale. Siku moja anaokota thumuni, akamnunua paa. Paa huyo anasema kama mtu. Anakwenda kumtafutia bwana wake mke, binti wa sultani, kisha anakwenda kumtafutia nyumba ya kumweka. Anafika mji usio na sauti ya mtu, anakuta nyumba kubwa, anapiga hodi. Ndani hamna mtu ila kizee mmoja, anapika.

Hapo ndipo bibi alipopunguza sauti, na hapo ndipo nataka nikae.

Kwanza, nyumba. Hakuieleza. Alinyoosha kidole tu kuelekea Beit al-Ajaib, ile aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na sisi tukayaona madirisha yakiingia giza moja baada ya jingine, na ule mnara wa saa, na mlango ambao mtu mzima akisimama mbele yake anakuwa mtoto. Nyumba ya kifo ilikuwa pale ng'ambo ya barabara, hatua mia kutoka kwa mwuza miwa. Fundi mwingine angepoteza dakika tano akihesabu lulu na marijani za kuta. Yeye alituazima macho yetu wenyewe.

Pili, kizee. Kwa sarufi ya shuleni kizee ni mtu, kwa hiyo kizee akasema, kizee akacheka. Bibi alianza hivyo hivyo. Kizee akamkaribisha paa. Kizee akamuuliza ametoka wapi. Kizee akampa kibao akae. Halafu, bila kubadili sauti, bila kukunja uso, akasema: kizee kikainuka. Kikaenda penye mafiga. Kikafunua kawa.

Ki badala ya a. Mtoto wa miaka saba hajui ngeli ni nini, lakini nywele zilinisimama. Mtu alikuwa amegeuka kitu mbele yangu na sikuona aligeuka saa ngapi. Lugha yetu haina njia ya kumwambia msikilizaji kama anayesemwa ni mume au mke, lakini ina njia kali ya kumwambia kama ni mtu au si mtu, na bibi aliijua njia hiyo kama alivyoijua njia ya kwenda sokoni Darajani. Kizee, kifo, kiza: alivikalisha vitatu mkeka mmoja kwa silabi moja, na neno la katikati hakulitamka hata mara moja. Mwenye nyumba alimwita "mwenyewe". Mwenyewe hayupo. Mwenyewe atarudi. Chakula hiki ni cha mwenyewe.

Tatu, na hili lilinichukua miaka kuling'amua, kizee alimwita paa "mjukuu wangu". Hakuna la ajabu hapo. Ndivyo mzee anavyomwita mdogo. Ila sisi tulioketi ukutani tulikuwa tukiitwa neno hilo hilo na mdomo huo huo kutwa nzima. Mjukuu wangu, lete maji. Mjukuu wangu, usikanyage mchele. Kwa hiyo aliposema, kwa sauti ya kizee, mjukuu wangu, hapa wageni hawatoki, hatukuwa tena na uhakika ni nani anayesema. Kifo kilikuwa kimepata uso, na uso wenyewe tuliupenda kuliko wote duniani. Hakuongeza meno marefu wala macho mekundu. Alituachia uso wake, akautumia.

Kulikuwa na kawa tatu. Mmesahau siku hizi kawa ni nini, kwa vile kila kitu kinafunikwa kwa plastiki: ni ule mfuniko wa ukindu uliosukwa kama kofia pana, wenye rangi za zambarau na kijani, unaofunikia sinia. Steere ameandika chakula na maji. Kawa tatu ni mkono wa bibi. Chini ya ya kwanza mna wali. Paa anaomba, anapewa, anakula. Na wakati huo huo bibi alifungua pindo la kanga yake akatugawia kila mmoja kipande cha ukoko, ule wali uliogandia chini ya chungu ukakauka na kupata harufu ya moto. Tukatafuna. Paa anatafuna, nasi tunatafuna. Chini ya kawa ya pili mna maji, na paa anakunywa. Anapoinua mguu kuigusa ya tatu, kizee kinasema: hiyo ya mwenyewe.

Kisha kimya.

Kimya kile hakikuwa cha kujaza tu. Bibi alikuwa akingoja. Nyuma yetu kidogo alikuwapo mchoma mishkaki, na makaa yake kila baada ya muda yalififia. Bibi alimsikiliza kwa sikio moja, kama mpigaji udi anavyomsikiliza mwenye fidla. Yule bwana alipochukua kipepeo chake cha ukili akaanza kupepea, fa, fa, fa, na majivu yakaruka juu ya vichwa vyetu, ndipo bibi aliposema: upepo ukaja na vumbi likaja. Maana mwenyewe ni joka la vichwa saba, na ndivyo linavyorudi nyumbani kwake, kwa upepo na vumbi. Jioni nyingine alingoja dakika nzima. Jioni moja makaa ya yule bwana yaliwaka vizuri mno, hakupepea kabisa, na bibi akaigeuza hadithi: kizee kikaanza kuchagua mchele, punje baada ya punje, mpaka upepo wa bahari ulipovuma wenyewe. Nyumbani, uani, alitumia ungo. Alipeta mchele, na chuya zikaruka, na joka likaja.

Sijaona subira kama hiyo kwa mtu anayelipwa, na yeye hakuwa akilipwa.

Ni kweli pia kwamba kuni zilikuwa zimeshasogezwa karibu na mafiga kabla hajawasha. Kiswahili hakina kifo cha kike, lakini kimejaa jiko. Hadithi yenyewe huanza kwa neno la jikoni: msimulizi akisema Paukwa nasi tukajibu Pakawa, punde tunauamrisha utamu ukolee, kama chumvi inavyokolea mchuzini. Anayezidisha tunasema ametia chumvi. Aliyeishi sana amekula chumvi nyingi. Mwanamume akioa amepata jiko. Bahari ikizamisha chombo imekula watu, na watu wa Unguja na Pemba waliosubiri kwenye fukwe mwaka 2011, MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, hawakuwa na neno jingine la kulisema. Na mtu akifa wazee wetu husema riziki yake imekwisha, kwamba kila mmoja alipimiwa kapu lake, na siku anapomeza tonge la mwisho lililoandikwa jina lake ndiyo siku yake. Katika lugha kama hiyo, ukikiuliza kifo kinakaa wapi, utaonyeshwa njia ya kwenda jikoni, na jikoni utamkuta mama wa mtu.

Mataifa mengi yamefika jiko hilo kwa njia zao. Snorri Sturluson, aliyeandika Aisilandi katika karne ya 13, anasema Hel, mwanamke atawalaye wafu, sahani yake imepewa jina la njaa, na kisu chake pia njaa kwa jina jingine. Katika Kojiki ya Wajapani, ya mwaka 712, Izanami anamwambia mumewe aliyemfuata kuzimu kwamba amechelewa, kwa sababu yeye ameshakula cha jiko la huko. Persephone wa Wayunani alimeza punje ya komamanga, akafungika kurudi kila mwaka. Sheria ni ile ile kote: ukila chakula cha wafu, huwi tena wa walio hai.

Paa wa bibi alikula chakula cha nyumba ile, akashiba, akatoka mzima. Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa mkubwa kidogo, nimeanza kutafuta nyufa. Akanijibu kama kwamba swali halikuwa gumu: "Kwani hakuomba? Na aliyepika si kampa?"

Nimelifikiri jibu hilo kwa miaka. Bibi alikuwa akisema kwamba mwenye chakula ni aliyekipika, hata kama nyumba ni ya joka. Anachokitoa mpishi kwa mkono wake hakimfungi aliyekila. Na kweli, tazama hadithi inavyokwenda. Joka likarudi, paa akalikata vichwa vyote saba. Hapo bibi akarudisha silabi yake mahali pake: kizee akalia, kizee akacheka, kizee akamkumbatia paa. Akawa mtu tena. Tukatambua kwamba tulimwonea. Hakuwa yeye kifo. Alikuwa anakipikia.

Kosa hilo tulifanyizwa makusudi, na ndilo ninalolistaajabia kuliko yote. Fundi alitutia hofu ya mwanamke aliye jikoni, akaiacha ikolee, kisha akatuondolea mfuniko tujione wenyewe. Na hakuishia hapo. Mwisho wa hadithi paa anaugua katika nyumba ile ile, amelala chini, na bwana wake, yule Hamdani wa jaani, yuko juu ghorofani ameshiba. Paa anamtuma kizee apande akamwambie. Kizee anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, na jibu la bwana ni apikiwe uji wa mtama mwekundu, basi. Mtu aliyetafuta punje za mtama katika takataka anamnyima mchele aliyempa dunia. Paa anakufa. Bibi alizisimulia zile ngazi kwa magoti yake mwenyewe: akishika goti kila kizee anapopanda, akishusha pumzi kila anaposhuka. Safari hii kifo kilikuwa juu, kimevaa joho, ni mwanamume, na hakikuhitaji vichwa saba. Mwanamke alikuwa ngazini, bakuli mkononi, kati ya anayekufa na anayenyima.

Wako waliosimulia kinyume, tena mafundi wakubwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulum al-Din kisa cha Nabii Isa kuonyeshwa dunia kwa umbo la ajuza asiye na meno, amejipamba kila pambo. Akaulizwa ameolewa na waume wangapi, akasema hawana hesabu. Akaulizwa kama walikufa au walimwacha, akasema aliwaua wote. Kisa hicho nimekisikia darasani na misikitini mara nyingi na kila mara kinanikamata, kwa sababu kimekatwa kwa kisu kikali: maswali mawili, majibu mawili, na harusi imegeuka makaburi. Ila nimeona jambo. Ajuza wa Ghazali hapiki. Ana mapambo, hana jiko. Ametoka kwa bibi harusi, na bibi harusi ni mwanamke kama anavyoonekana na mwanamume anayeogopa kumtamani. Kizee wa bibi yangu alitoka mahali pengine, kwenye moshi, na aliyemtengeneza alikuwa ameukalia moshi huo.

Katika mkusanyo ule ule wa Steere kuna hadithi ya Sultani Majinuni, aliyekuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakashtaki, sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akala na wengine, akakua, akawa anakula watu, mpaka siku alipowala wana wa sultani mwenyewe ndipo baba akakubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Mwana wa mwisho, aitwaye Mkaa Jikoni kwa sababu hakuwa na makuu, akatoka kumwinda. Kila akiua mnyama alimburura hadi kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda, na kila mara mama akamjibu kwa wimbo kwamba bado, huyu siye. Tena na tena, mnyama mkubwa kuliko wa kwanza, na mama bado siye. Sultani aliyelala nyumba moja na mnyama yule hakumtambua mpaka wanawe walipoliwa. Mama aliyekuwa akimfungia mwanawe masurufu ya safari alimjua bila kumwona. Hapo tena: mwanamke si kifo. Ndiye anayekijua sura.

Namwona Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mtunzi wa utenzi, katika safu hiyo hiyo, mwaka 1858, anaugua, anamwita binti yake amfungie masurufu ya maneno. Yeye ni mtu wa kweli na wale ni wa hadithi, lakini wote wameshika kifurushi.

Pako mahali watu walipoisikia hadithi nusu. Huko Usukumani, Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi: kuni, na penye uhaba wa kuni samadi iliyokaushwa, miaka 40, miaka 50 ya kupulizia moto ili wengine wale. Aliyekula chakula hicho tangu utotoni ndiye anayeyatazama macho yale na kuona kifo. Siwezi kuandika juu ya uzuri wa kizee wa hadithi bila kuwataja wale. Silabi ile ya ki, mikononi mwa asiyejua kuirudisha a mahali pake, ni panga. Bibi aliijua hatari hiyo, nina yakini, kwa sababu hakupata hata jioni moja kuikatiza hadithi kabla kizee hajawa mtu. Muadhini akianza, mvua ikianza, mtoto akilala. Alimaliza sehemu ile kwanza, hata kwa maneno matatu, ndipo akakunja mkeka.

Nyumba yetu ya hadithi ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, mchana, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilibomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nilisimama Forodhani siku ya pili yake kwenye bustani iliyotengenezwa upya mwaka 2009 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, kati ya majiko yasiyo na moto, nikatazama vifusi. Bibi hakuwapo tena. Wachomaji walirudi baadaye, na leo jioni wapo, wengi wao wanaume, wanapepea pweza na ngisi kwa watalii na kwa watu wa mji. Bado nikisikia kipepeo nageuza shingo.

Alikuwa akipika kama alivyosimulia, na hilo ndilo lililonifunza kuisikia hadithi. Msiba unapotokea, nyumba ya wafiwa haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika, na desturi hiyo ina asili yake: Mtume alipopata habari kwamba Jaafar bin Abi Talib ameuawa Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe. Kazi ya bibi ilianza hapo, ikaenda mpaka hitima ya siku ya tatu, na baadaye arobaini. Nilimfuata mara nyingi kubeba vyombo. Aliingia uani kwa watu ambao jana walikuwa na baba na leo hawana, akavua viatu, akapanga mafiga, na kwa muda wa saa nzima hakusema na mtu. Mchele aliuchagua mwenyewe hata kama umekuja safi. Wali ulipokaribia kuiva alipalia: akapunguza moto wa chini, akaweka makaa juu ya mfuniko, akakaa. Hapo ndipo wapishi wengi huharibu, kwa kufunua. Yeye alikaa na mikono mapajani. Alijua kwa sikio. Wali ukinong'ona bado una maji, ukinyamaza umeiva, ukianza kutatarika umepata ukoko, na ukoko ni wa wajukuu.

Penye harusi alitia chumvi kama watu wote. Penye hitima alipunguza. Niliwahi kudhani ni kusahau, nikamwambia. Akasema mfiwa ana chumvi yake mdomoni.

Wale wafiwa walimwonaje, sijui jinsi ya kulisema. Walimpenda, wakamkwepa. Akipita njiani na mwiko wake mrefu umefungwa ndani ya kanga, walikuwapo wanawake waliogeuza maongezi, kwa sababu mwiko ule waliuona mara ya mwisho siku walipozika. Watoto wa mtaa waliwahi kumwita jina ambalo sitaliandika. Yeye aliitika. Jioni yake akaenda nao Forodhani, hao hao, akawaweka ukutani pamoja nasi, akaipa bahari mgongo, akaanza: hapo kale palikuwa na maskini mmoja, anachakura jaani. Alipofika kwa kizee niliwatazama wenzangu. Alisimulia kwa utulivu kuliko siku zote, na alipoirudisha a mahali pake, kizee akalia, kizee akacheka, yule mvulana aliyelianzisha lile jina alikuwa amemwegemea begani.

Kawa ya tatu hatukuwahi kuambiwa mna nini. Tulimbana, tulimbembeleza, tulimwahidi kumkandia unga mwezi mzima. Hiyo ya mwenyewe, akasema, na mwenyewe si ameuawa, tukasema, basi chakula sasa ni cha nani? Akacheka, akatufukuza tukalale.

Hitima yake ilisomwa siku ya tatu, na waliopika walikuwa wanawake aliowafundisha. Nilishuka uani kutaka maji. Moto wa chini ulikuwa umepunguzwa, makaa yako juu ya mfuniko, wamekaa wote mikono mapajani, hakuna anayesema. Pembeni ya mafiga, juu ya kibao cha mbuzi, palikuwa na sahani moja imepakuliwa kutoka chungu cha kwanza, imefunikwa kawa ya zambarau na kijani, ukingo wake umeanza kufumuka. Nikauliza ni ya nani.

"Ya mwenyewe," akasema mkubwa wao, sikio lake liko kwenye chungu, akaniashiria kwa kidole ninyamaze.